Leo Mwezi Ngapi? Siku Tisa Kisiwani Mafia kwa Saa za Maji

Nahodha niliyeelekezwa kwake alikuwa ameketi chini ya mkungu ufukweni Utende, tanga limetandazwa mapajani na sindano ya kushonea magunia mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za safari na za huko nilikotoka, na alipokwisha kuridhika kwamba mimi ni mzima na wazazi wangu ni wazima, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Leo mwezi ngapi, mwanangu?" Nilimjibu bila kusita kwamba ni mwezi wa pili. Kijana aliyekuwa akimsaidia kukaza uzi aliinamisha kichwa ili nisimwone akicheka, lakini mabega yakawa yanatikisika. Mzee mwenyewe hakucheka. "Leo mwezi kumi na mbili," alisema taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango wa uani, "kesho kutwa bamvua linaanza."

Mimi ni mtu wa bara. Nimezaliwa na kukulia Dodoma, ambako maji huhesabiwa kwa ndoo, na nilijifunza kuogelea nikiwa na umri wa miaka 31 katika bwawa la hoteli, kwa aibu, pamoja na watoto wa shule ya msingi. Mafia niliichagua kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za papa potwe, na kwa sababu kila niliyemweleza kwamba nataka kwenda kisiwani alinielekeza Unguja. Safari yote niliipanga kwa simu kupitia wakala mmoja wa Dar es Salaam, ambaye alinitumia ratiba iliyonyooka kama rula: Jumanne saa 3 hadi saa 5 asubuhi kuogelea na potwe, Jumatano saa 8 mchana matembezi ya Juani, Alhamisi saa 4 asubuhi kuvuka kwa mashua hadi Chole, na kadhalika hadi siku ya tisa. Nilikuwa nimeichapisha na kuibandika katika daftari. Nahodha aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia kwa mikono miwili. "Karatasi nzuri," alisema. "Ila maji hayajaisoma."

Kwa mbara mwenzangu nieleze nilivyofundishwa. Mzee alikuwa ameniuliza siku ya mwezi mwandamo, si mwezi wa kalenda. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kwa kadiri hiyo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, bahari ikapanda sana na kushuka sana: hilo ndilo bamvua, ambapo tofauti baina ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukingamana, bahari ikapanda kidogo na kushuka kidogo, na watu husema maji mafu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba bamvua la huku lina saa zake ambazo haliziachi mbali: maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa 10 alasiri, mwezi huu na mwezi ujao na mwaka ujao. Anayejua tarehe ya mwezi mwandamo anajua pia mashua yake itaelea saa ngapi, mkewe atakwenda mwambani saa ngapi, na mgeni wake mwenye daftari atakwama saa ngapi.

Kama ningekuwa makini, ningeyatambua haya mapema, tangu Nyamisati. Huko ndiko wasafiri wa kawaida wanakopandia boti za kwenda Kilindoni, kwa maana ndege kutoka Dar es Salaam, ingawa hutumia kama nusu saa tu, si ya kila mfuko. Nyamisati iko kaskazini mwa delta ya Rufiji, na boti hutoka kwa kupita kwenye vijito vilivyozingirwa na mikoko pande zote mbili, maji ya rangi ya chai ya maziwa, hadi ghafla mikoko inakwisha na bahari inafunguka. Humo humo ndani ya mikoko ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimojificha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza walipotaka kuiona ilipo waliiteka Mafia kwanza, wakatengeneza kiwanja cha ndege, wakawa wanarusha ndege za kuelekeza mizinga hadi walipoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Abiria mwenzangu aliyenisimulia hayo alikuwa amekalia gunia la vitunguu na hakuacha kutafuna mahindi. Mimi nilikuwa nikijiuliza tu kwa nini tulikuwa tumengoja karibu saa mbili gatini na kila mtu ametulia.

Basi ratiba ikaondoka daftarini, na nahodha akanipangia nyingine ambayo hakuiandika popote. Siku ya pili, kwa kuwa nilishikilia, aliniruhusu niende Kilindoni kutafuta potwe, nami nikaenda na kurudi mikono mitupu; habari hiyo nitaifikia. Siku ya tatu tulivuka kwenda Chole.

Kutoka Utende hadi Chole si mbali, na Februari upepo ni wa kaskazi, hivyo kwenda tulisukumwa kwa nyuma kwa raha kabisa. Kazi yangu ya kwanza baharini ilikuwa kufua maji. Mashua ya mbao huvuja kidogo hata ikiwa njema, na yule kijana aliyenicheka alinipa upo, yaani dumu lililokatwa kwa kisu, akanionyesha pale maji yanapokusanyika. Niliona fahari isiyo kifani. Wakati wa kurudi, upepo uleule uliotupeleka ulitusimamia usoni, ikabidi twende bisho, mara upande huu mara upande ule, na kila tulipogeuka kijana aliruka mbele kuizungusha foromali upande wa pili wa mlingoti huku mimi nikiinamisha kichwa kwa amri. Safari ya robo saa ikawa ya saa nzima na ushei, na dumu langu halikupumzika.

Chole yenyewe ni kisiwa kidogo ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu. Sikuona gari hata moja. Niliona baiskeli, mikokoteni, na njia za mchanga zilizofagiwa. Hapa ndipo palipokuwa makao ya utawala wa Mafia hadi 1913, Wajerumani walipohamia Kilindoni kwa sababu meli za mvuke zilihitaji mahali penye kina pa kutia nanga. Jina la Kilindoni limebeba neno kilindi mle ndani, na mimi nililitamka miaka yote bila kulisikia. Majengo yao ya Chole bado yamesimama, kwa maana ya kwamba miti imeyashika yasianguke: mizizi imeshuka ukutani ikapita madirishani, na sakafuni pamekuwa kichaka. Karibu na pwani mafundi walikuwa wakiunda mashua. Hawakuwa na mchoro. Fundi mkuu alipima ubao kwa jicho, akaukata, akaupeleka ubavuni, akaurudisha, akaparura kidogo, akaupeleka tena. Mwanafunzi wake alikuwa akitia kalafati, yaani akisokota pamba iliyoloweshwa mafuta na kuigongomea katika maungio kwa patasi butu na nyundo ya mti, sauti ya ko, ko, ko ambayo niliisikia hadi usingizini.

Tulikaa makusudi hadi magharibi kwa ajili ya popo. Mchana huwa wamening'inia katika miti mikubwa, wakijipepea kwa mabawa yao kama mabibi harusini, na hawa si popo wa darini ninaowajua: ni popo wala matunda, jamaa wa popo wa Ngazija, wenye manyoya mekundu shingoni, uso kama wa mbwa mdogo, na mabawa ambayo yakikunjuliwa huzidi mita 1. Jua lilipozama walianza kuachia matawi mmoja mmoja, kisha kumi kumi, kisha anga nzima ikawa yao, wote wakielekea kisiwa kikubwa kwenye maembe na mikorosho. Wanakijiji wa Chole hawawawindi. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akianua nguo kama hawamchafulii, akasema wanamchafulia sana.

Kisha bamvua likaja, na kwa mara ya kwanza nikaona bahari ikiondoka. Asubuhi ya mwezi 15, mahali ambapo jana yake mashua zilikuwa zinaelea palikuwa uwanja: mchanga, majani ya bahari yaliyolala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, vidimbwi, na kule mbali mstari wa wanawake waliofunga khanga kwa juu, kila mmoja na fimbo na ndoo. Nahodha alikuwa ameniombea ruhusa kwa dada yake niandamane nao kuchokoa pweza. Bibi huyo alinitazama miguuni, akarudi ndani, akatoka na viatu vya plastiki vya mjukuu wake. "Kanyaga mchanga, mwanangu," alisema, "mawe mengine yako hai."

Nilitembea nyuma yake kwa saa mbili na kujifunza jambo moja tu kwa ukamilifu, nalo ni jinsi ya kuutambua mlango wa pweza. Tundu tupu huwa na mchanga na uchafu kama tundu lolote. Tundu lenye mwenyewe huwa limefagiwa, na mbele yake pana vijiwe na makombe ya chaza yaliyopangwa, mabaki ya chakula chake, wakati mwingine ameyavuta hadi yakaziba mlango. Bibi aliniachia nitafute. Nilionyesha matundu matano, yote matupu, naye akawa anapita tu huku akisema "bado, mwanangu". Kisha akasimama mahali ambapo mimi nilikuwa nimekwisha pita, akaingiza mchokoo wake taratibu, akautikisa kidogo, akangoja. Mkono mmoja ukatoka ukashika fimbo, ukafuata wa pili, na rangi yake ilikuwa ikigeuka mbele ya macho yetu kutoka kahawia kwenda nyeupe na kurudi kahawia. Alimvuta, akamaliza kazi yake haraka, akanipa nimbebe. Jioni tulimla kwa nazi. Naona ni haki kusema kwamba alikuwa mtamu kuliko huruma niliyokuwa nayo asubuhi.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Juani, na kosa lilikuwa langu mwenyewe, si la wakala wala la mtu mwingine. Bamvua linapokupwa, mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka Chole hadi Juani, kisiwa jirani, na nilipoambiwa hivyo niliona hakuna jambo la kijasiri kuliko kuvuka bahari kwa miguu. Nahodha alitushusha Chole alfajiri maji yakiwa bado mengi, akarudi Utende, na mnamo saa 4 unusu mimi na kijana mwenyeji aliyekuwa kiongozi wangu tukaanza kuvuka. Maji yalikuwa chini ya magoti, mahali pengine kifundoni, mahali pengine tope lililotaka kubaki na kiatu. Upande wa pili mikoko, kisha mchanga, kisha njia ya kijijini, kisha mwendo wa mguu hadi magofu ya Kua.

Kua ulikuwa mji. Yako mabaki ya kasri lenye ghorofa, misikiti, makaburi, na mibuyu ambayo imesimama katikati ya nyumba kama wapangaji waliokataa kuhama. Masimulizi ya Mafia yanasema watu wa Kua na watu wa Kisimani, upande wa magharibi, walikuwa na uhasama wa kutisha: Wakisimani waliposhusha jahazi lao jipya baharini walilipitisha juu ya watoto wa Kua badala ya magogo, na Wakua wakangoja miaka, wakawaalika Wakisimani arusini, wakawaketisha katika chumba kizuri cha chini na kuwajengea mlango kwa nje. Mwisho wa mji wenyewe ulitoka mbali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kwa ngalawa zao kutoka Bukini, yaani Madagaska, wakaushambulia na kuwachukua watu utumwani, na Kua haukukaliwa tena kama mji. Nilikaa katika lile kasri nikipiga picha dirisha moja kwa namna kumi. Kiongozi wangu alisema, "Dada, maji." Nilisema dakika tano. Akasema tena. Nilisema nakuja. Mara ya tatu hakusema kitu, alianza kutembea tu, nami nikamfuata nikiwa nimenuna kidogo.

Tulipofika kivukoni ilikuwa saa 7 imepita. Pale tulipopita asubuhi tukiwa na suruali zilizokunjwa, maji yalikuwa kifuani mwa kijana mmoja aliyekuwa akisukuma ngalawa yake iliyojaa kuni, na mkondo ulikuwa ukimvuta upande. Niliwahi kudhani kujaa kwa maji ni mawimbi yanayosogea. Huku ndani ya mikoko hakuna wimbi hata moja: maji huja kimya yakipita kati ya mizizi, yakijaza nyayo moja baada ya nyingine, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa, ambao walikuwa wametapakaa juu ya tope wakipungiana mikono, wanaingia mashimoni mwao mmoja mmoja na kila mmoja anaziba mlango wake. Tulimpigia simu nahodha. Alisikiliza, akasema, "Na mimi mashua imekaa juu ya mchanga. Subirini bahari ije kunichukua." Maji yaliyotuzidi sisi yalikuwa bado hayajaifikia mashua.

Tulisubiri hadi karibu saa 9. Kijijini mama mmoja alitutandikia mkeka chini ya mkorosho, akaagiza madafu, na hakuuliza imekuwaje, kwani ilionekana wazi kwamba sikuwa mgeni wa kwanza kukalia mkeka ule. Kiongozi wangu, ambaye kwa haki alikuwa na kila sababu ya kuninunia, alinisimulia habari za kasa wanaotaga upande wa mashariki wa Juani, unaotazamana na bahari kuu: jike hupanda usiku, hufukia mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, na baada ya kama miezi miwili vifaranga hutoka na kukimbilia maji. Kuna wanakijiji wanaolinda viota hivyo kwa kushirikiana na shirika la Sea Sense, na kiota kikikaribia kupasuka wageni huitwa waje kutazama kwa mbali. Wakati wangu haukulingana na wao. Kisha tanga likaonekana, na nahodha alipofika hakunilaumu. Alinikabidhi dumu.

Siku mbili zilizofuata nilikaa nchi kavu kwa hiari. Nilikodi bodaboda tukapanda kaskazini kupitia Kirongwe hadi Bweni na mnara wa taa wa Ras Mkumbi, uliojengwa na Wajerumani, njia yote minazi kulia na minazi kushoto na mashamba ya mihogo katikati. Mandhari ni nzuri, kiti cha pikipiki si kizuri, na zaidi ya hayo sina la kusema.

Mwezi 19 tulikwenda Kinasi. Huo ndio mlango wa bahari wa Ghuba ya Chole, upande wa mashariki, na kila maji yanapojaa au kupwa, bahari yote hiyo hulazimika kupita katika mlango huo. Siku za bamvua mkondo wake ni mkali mno kwa mtu wa kiwango changu, na hiyo ndiyo sababu nahodha alikuwa akinizungusha Chole na Juani wiki nzima huku mimi nikidhani amesahau. Alikuwa akingoja bamvua lipungue nguvu. Tena alichagua saa ya kujaa, mnamo saa 9 alasiri, kwa sababu maji yanayoingia hutoka bahari kuu na huwa maangavu, ilhali maji yanayotoka hubeba tope la mikoko na mtu huona mkono wake tu.

Nilivaa miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia na jaketi la kuokolea, ambalo sikulionea aibu hata kidogo. Dakika za kwanza nilisikia pumzi yangu tu, fupi na ya haraka, na moyo ukidunda masikioni. Kisha mkondo ukaanza kunichukua pole pole juu ya matumbawe, bila mimi kupiga teke hata moja, na kila kitu kikawa kinapita chini yangu kama mtu anayetazama nje ya dirisha la basi. Pono walikuwa wakitafuna mwamba, na nilisikia kabisa meno yao, mlio kama wa mtu anayetafuna sukari guru. Chewa mmoja mkubwa alikuwa amejisogeza chini ya jiwe na kunitazama kwa uchovu wa karani wa benki saa za mwisho. Mkunga alitoa kichwa tu. Wapo waliokufa pia: mahali pengine matumbawe yalikuwa vifusi vya kijivu, na nilielezwa kwamba joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya miamba ya huku, na kwamba mingine imerudi na mingine haikurudi. Eneo hili lote limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, na vijiji vyenye watu vikiwa ndani yake. Uvuvi unaruhusiwa kwa masharti, na masharti hayo ndiyo mazungumzo ya kila barazani. Nilisikia wanaoyasifu na wanaoyalaani, wakati mwingine kwa kinywa kimoja.

Sasa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, awezaye kuzidi mita 12, lakini wa Mafia wengi ni madume machanga ya mita 6 au 7. Huonekana upande wa Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, wakila vijidudu vya baharini na dagaa wadogo, na inaaminika kwamba rutuba inayoletwa na Mto Rufiji ndiyo inayoyafanya maji ya upande ule kuwa na chakula kingi. Watafiti waliowafunga vifaa vya mawimbi ya sauti waligundua kwamba wengi hawahami kabisa. Miezi ambayo watu husema wameondoka, wao huwa wamesogea tu kwenye maji ya kina zaidi. Mara ya kwanza, siku ya pili ya kukaa kwangu, nilimwona mmoja, au niseme niliona kivuli. Bahari ilikuwa na viwimbi, niliruka kabla sijaambiwa, nikapiga mateke kumfuata, nikameza maji, na nilipotoa kichwa potwe alikuwa amekwisha zama na mabaharia wananitazama kwa upole wenye maana.

Mara ya pili ilikuwa mwezi 20, siku yangu ya mwisho kamili, asubuhi ya bahari iliyolala kama mafuta. Safari hii nahodha alikuja mwenyewe ingawa Kilindoni si upande wake. Tulizima mashine mbali na mahali ambapo dagaa walikuwa wakirukaruka, tukakaa. "Usimfukuze," alisema. "Shuka, ulale juu ya maji, umngoje. Anakuja anakotaka, nawe uwe umekwisha kuwapo." Nilishuka nikashika kamba ya pembeni, nikalaza uso majini. Maji yalikuwa ya kijani, yamejaa chembe, na kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha chembe zile zikawa na umbo. Kwanza mdomo, mpana na ulio wazi kama mlango wa dukani, kisha macho madogo mno kwa kichwa kile, kisha ubavu mrefu wenye madoa meupe kwa safu, ambayo hayafanani kwa samaki wawili na ndiyo wanayotambuliwa kwayo. Alipita karibu yangu kiasi cha urefu wa meza ya kulia. Samaki wadogo wenye mistari walikuwa wakiogelea mbele ya mdomo wake kana kwamba wanamwongoza. Mkia ulifuata baada ya muda ambao nilidhani amekwisha, ukapinda upande mmoja, ukapinda upande wa pili, na maji yaliyosukumwa nao yakanifikia kifuani. Alizunguka akarudi, mara tatu kwa jumla. Sikupiga teke. Hata kamba sikuiachia, na nilipopandishwa vidole vilikuwa na alama yake.

Kesho yake nilikuwa nimeambiwa boti itaondoka Kilindoni saa 12 asubuhi. Saa 11 na nusu nilikuwa nimekwisha funga begi, taa ya simu mkononi, nikiwa na haraka yangu ileile ya Dodoma, ndipo nahodha akapiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mwezi ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Maji yanajaa saa ngapi?"

Nilihesabu kwa vidole, nikianzia saa 10 ya bamvua na kuongeza siku moja moja. "Saa mbili na kitu."

"Basi kunywa chai kwanza," alisema, akakata simu.

Niliweka begi chini. Mama wa nyumba niliyopanga alikuwa ndiyo kwanza anawasha jiko, na mkate wa kumimina wa jana ulikuwa umebaki nusu.